Kwa Mzee Nathan, Wolfenbüttel: Siku Tano za Treni na Mvua

Daftari langu liliingia maji siku ya tatu, kwa hiyo saa na bei nyingine nimezifukua kwenye risiti na picha za simu. Nimerudi Tanga wiki ya tatu sasa. Nilikwenda Ujerumani kumwona mdogo wangu, muuguzi huko Hamburg, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Kabla sijapanda ndege nilimwambia, nitakuachia siku chache upumzike na wageni, nina mzee wa kumwamkia. Akauliza ni nani. Nikamjibu ni mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mzee mwenyewe ni Nathan, Myahudi wa kwenye tamthilia ya Lessing, mwandishi Mjerumani wa karne ya 18, iitwayo Nathan Mwenye Hekima. Niliisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikiwa mwaka wa pili, nakala ya Kiingereza iliyopoteza jalada na kurasa mbili za mwisho. Baadaye nikawa mwalimu wa fasihi na nikaendelea kumtaja darasani. Wolfenbüttel, mji mdogo wa jimbo la Niedersachsen ambako Lessing aliiandika, wamemsimamishia Nathan sanamu. Sanamu za waandishi huko ni nyingi kama minazi Pangani. Sanamu ya mhusika wa kubuni, tena aliyewekwa hapo kama alama ya watu wa dini mbalimbali kuvumiliana, hiyo nilitaka kuiona kwa macho yangu.

Jumamosi, 11 Oktoba: Hamburg

Shemeji alikataa nisafiri kabla ya kumsalimia "Bibi". Bibi ni Sayyida Salme binti Said, mwana wa Sultani wa Zanzibar, na amelala Ohlsdorf, makaburi makubwa kiasi kwamba mabasi ya jiji yanapita ndani yake. Ukitoka kituo cha Ohlsdorf usijaribu kwa miguu kama una mtoto mchanga. Sisi tulijaribu.

Salme alitoroka Unguja 1866, akabatizwa Aden 1867 na siku hiyohiyo akafunga ndoa na Heinrich Ruete. Miaka mitatu baadaye mumewe akagongwa na tramu, akamwachia watoto watatu wadogo na lugha ya watu. Alifariki Jena 1924, akazikwa hapa pamoja na kimfuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Nyumbani bado kuna wanaobishana bibi huyu ni wa nani. Mimi nilisoma Fatiha. Shemeji, Mlutheri wa Machame, aliinamisha kichwa akasema yake. Mtoto akalia, tukaondoka.

Kwa atakayenifuata: Jumapili maduka Ujerumani yamefungwa, si mchezo. Nunua mkate, maji na matunda Jumamosi. Mimi niliambiwa nikadhani wanatania.

Jumapili, 12 Oktoba: Hamburg hadi Wolfenbüttel

Kuna tiketi ya mwezi mzima, mwaka 2025 ilikuwa euro 58, inayokubalika kwenye treni za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima. Treni zile za kasi haizihusu, ukipanda humo utalipishwa faini. Ni ya kujiunga, hivyo usipoikatisha ifikapo tarehe 10 unalipia na mwezi unaofuata. Mdogo wangu aliikatisha ya kwangu tarehe 9 usiku, kwa kelele za mkewe.

Nilipanga kufika saa tisa alasiri: Hamburg hadi Uelzen, Uelzen hadi Braunschweig, kisha dakika chache hadi Wolfenbüttel. Uelzen mambo yakakwama. Likatangazwa jambo kwa Kijerumani, watu wote wakaguna kwa pamoja, nami nikaguna ili nisionekane mgeni. Treni ya kuendelea haikuja. Iliyofuata nayo haikuja.

Kama ni lazima ukwame, kwama Uelzen. Kituo kile kilifanyiwa sura mpya kwa michoro ya msanii Hundertwasser wakati wa maonyesho ya dunia ya mwaka 2000, na hakuna mstari ulionyooka. Nguzo zimenenepa katikati kama mitungi, kila moja na rangi zake, na sakafu ina mawimbi. Nilizunguka humo karibu saa mbili. Mama mmoja wa makamo, asiyejua neno la Kiingereza, aliniona nazunguka akadhani nimepotea. Alinishika mkono wa koti, akanikalisha, akaandika kwenye bahasha kuukuu saa za treni na namba za majukwaa hadi Wolfenbüttel, kisha akanimegea keki ya plamu iliyokuwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Bahasha ile ninayo. Bila yeye ningelala njiani, Gifhorn.

Nilifika saa mbili usiku, mvua inanyesha, barabara tupu. Taa pekee iliyokuwa inawaka ilikuwa ya duka la döner, mkate wa Kituruki uliojazwa nyama. Niliuliza kuhusu nyama, mwenye duka akanijibu kwa swali: Müslüman? Nikaitikia. Bei ilikuwa euro 7 na nusu, lakini nyama aliyoniwekea ilikuwa ya watu wawili, na chai alikataa nisilipie. Alinielekeza hadi nilikofikia kwa kuchora kwa kidole juu ya kaunta yenye unga.

Chumba euro 60 bila kifungua kinywa, ghorofa ya pili, ngazi kama za mnara wa kuadhinia. Nyumba za mji wa kale karibu zote ni za kiunzi cha mbao, boriti zimeachwa nje zionekane, na katikati pamekandikwa. Niligonga ukuta nikacheka peke yangu. Ni nyumba yetu ya miti na udongo, ila hii imesomeshwa.

Jumatatu, 13 Oktoba: Mzee mwenyewe

Jumatatu makumbusho yamefungwa. Nimeandika hivyo kwa herufi kubwa kwenye daftari, na wewe uandike. Sanamu lakini haina mlango, kwa hiyo saa tatu asubuhi nilikuwa njiani na koti la kuazima.

Kutoka uwanja wa soko mjini hadi uwanja wa kasri ni mwendo wa dakika kumi. Kasri lenyewe sehemu yake ni shule ya sekondari, jambo lililonifurahisha kama mwalimu. Ng'ambo kuna ghala la zamani la silaha, maktaba kubwa, na kati yake nyumba ya chini yenye mabawa mawili: ndimo alimoishi Lessing. Nathan yuko hapo nje, karibu na nyumba ya aliyemtunga, kwa shaba, kazi ya Erich Schmidtbochum. Nilitarajia kitu cha kuinua shingo. Hapana. Maji yalikuwa yanamchuruzika kichwani kama yanavyonichuruzika mimi. Nilisema shikamoo, kwa sauti, maana hapakuwa na mtu.

Kumbe alikuwepo. Mzee mwenye mbwa na mwavuli mkubwa alisogea akaniweka chini ya mwavuli bila kuuliza. Mwalimu mstaafu wa historia. Alitaka kujua nimemjulia wapi Nathan, nikamwambia Dar es Salaam, akamtazama mbwa wake kana kwamba mbwa ndiye atathibitisha.

Kwa wasioijua hadithi, ni hii. Yerusalemu, wakati wa Vita vya Msalaba, mji uko chini ya Sultani Salahuddini. Sultani ameishiwa fedha, anamwita tajiri Nathan na kumtega kwa swali: katika dini tatu, ya Wayahudi, ya Wakristo na yetu, ipi ya kweli? Nathan anajibu kwa hekaya. Palikuwa na pete inayomfanya avaaye apendwe na Mungu na watu, ikirithishwa kwa mwana mpendwa. Ikamfikia baba mwenye wana watatu anaowapenda sawa, akachongesha mbili zinazofanana nayo, akampa kila mmoja yake, akafa. Wana wakaenda kwa kadhi. Kadhi akasema hawezi kujua ipi ni ya asili. Kila mmoja aishi kwa namna itakayoonyesha nguvu ya pete yake, na baada ya miaka elfu mara elfu waje kwa kadhi mwenye hekima kumzidi yeye.

Hekaya ya pete Lessing hakuianzisha, Boccaccio, mwandishi Mwitalia, alikuwa nayo karne nyingi kabla. Na hapa ndipo nilipopatana na mzee wa mwavuli. Alisema wanafunzi huletwa hapa, huulizwa pete, hujibu pete, hurudi kwenye basi. Hata mimi darasani nimefanya hivyohivyo. Tumezisifu pete tukausahau moto.

Maana tamthilia ile inanuka moshi tangu mwanzo. Nathan anarudi kutoka safari ya Babeli na kukuta nyumba imeungua, na binti yake Recha ameokolewa na kijana askari wa msalaba. Patriarki, askofu mkuu wa Wakristo wa Yerusalemu, akiulizwa Myahudi aliyemlea mtoto wa Kikristo afanywe nini, anajibu achomwe, na kila anapopewa sababu ya huruma anarudia: si kitu, Myahudi atachomwa. Kisha, mbele ya mtawa mmoja mnyenyekevu, Nathan anafungua alichokificha miaka kumi na minane. Huko Gathi Wakristo waliua Wayahudi. Mkewe na wanawe saba walikuwa nyumbani kwa ndugu yake, wakateketea humo wote. Siku tatu amelala majivuni, analia, anagombana na Mungu, anaapa kuwachukia Wakristo milele. Siku hiyo ndipo mtawa huyuhuyu, enzi hizo akiwa mtumishi wa mpanda farasi, alipomletea kitoto cha kike cha Kikristo, yatima. Ndiye Recha. Nathan alikichukua, akakilaza kitandani pake, akambusu, akapiga magoti: Mungu, kwa wale saba, huyu mmoja!

Mtu aliyeshiba anaweza kuhadithia pete. Huyu alihadithia akiwa na majivu ya wanawe. Ndiyo maana sikupenda neno "uvumilivu" mzee alipolitamka, na nilimwambia hivyo. Mvua tunaivumilia. Mtoto analelewa.

Akaniuliza kama kwetu hali ikoje. Nikamsimulia juu ya Shangazi yangu wa Ngamiani. Jirani yake, mke wa fundi wa reli, alifariki akiacha kichanga, na baba akahamishiwa mbali. Shangazi akamchukua Yohana. Mwezi wa Ramadhani Yohana alikula mchana chumbani kwa Shangazi mlango ukiwa umefungwa, na kila Jumapili Shangazi alimshika mkono hadi geti la kanisa, akakaa chini ya mkungu nje, na baibui lake, akimsubiri hadi misa iishe. Mzee aliuliza Yohana yuko wapi sasa. Dereva wa lori, nikamwambia, Tunduma. Alicheka hadi mwavuli ukayumba, na ndipo daftari langu lilipooga.

Mchana nililala. Jioni supu ya dengu, euro 6, na nikajifunza kwamba mji huu dunia inaujua zaidi kwa Jägermeister, kinywaji kikali cha mitishamba kinachotengenezwa hapa, chupa yake ina kichwa cha kulungu na msalaba katikati ya pembe. Kila niliyemwambia nimekuja kwa ajili ya Nathan alitabasamu kwa adabu, kisha akanionyesha ulipo mtaa wa kiwanda.

Jumanne, 14 Oktoba: Ndani ya nyumba

Nilikuwa mtu wa kwanza mlangoni. Nyumba ya Lessing ni makumbusho tangu 1978, vyumba vyake vina mwanga na sakafu ya mbao inayolalamika. Alikuja Wolfenbüttel 1770 kuwa mkutubi wa mtawala. Akahamia humu mwishoni mwa 1777, na mkewe Eva ana mimba. Siku ya Krismasi akazaliwa mtoto wa kiume, Traugott, akatolewa kwa koleo za chuma, na hakumaliza siku. Baba yake akamwandikia rafiki kwa dhihaka ya mtu aliyevunjika: mtoto alikuwa na akili sana, alipouona ulimwengu alikimbia mara ya kwanza alipopata nafasi. Tarehe 10 Januari 1778 Eva naye akafuata. Nilisimama chumbani nikahesabu. Nathan alichapishwa 1779. Sitaki kusema mtu huandika kwa sababu amefiwa, lakini yule baba majivuni si wa kusoma vitabuni tu.

Ugomvi wa dini nao ulikuwa wake. Alikuwa amechapisha maandishi ya msomi Reimarus yaliyohoji Biblia, bila kutaja jina la mwandishi. Goeze, mmoja wa wachungaji wakuu wa Hamburg, akamvaa, wakajibizana kwa vijitabu hadi mtawala akachoka, na 1778 akamwondolea ruhusa ya kuchapisha bila kukaguliwa. Septemba mwaka huo Lessing akamwandikia Elise, binti wa Reimarus, kwamba atajaribu kama watamwacha ahubiri kwa amani kwenye mimbari yake ya zamani, yaani jukwaa la michezo. Hakuiona ikichezwa. Alifariki Februari 1781, na Berlin ikaionyesha mara ya kwanza 1783.

Nathan mwenyewe inasemwa ana sura ya rafiki yake, mwanafalsafa Moses Mendelssohn. Wote wawili walizaliwa 1729.

Baada ya hapo niliingia maktaba, iliyoanzishwa 1572. Humo kuna Injili ya Heinrich Simba, kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono, ambayo 1983 ilinunuliwa kwa marki, fedha ya Ujerumani ya wakati huo, milioni 32 na nusu. Mgeni wa kawaida haonyeshwi ile ya asili, usiende kwa matumaini hayo. Mimi nilikuwa na mtu mwingine kichwani. Mwaka 1707 mtoto wa Kiafrika kutoka Axim, Ghana ya leo, aliletwa katika mji huu na kutolewa kwa mtawala Anton Ulrich kama zawadi. Mwaka uliofuata wakambatiza katika kanisa la kasri la Salzdahlum, wakampa majina yao, Anton na Wilhelm. La kwake akaling'ang'ania: Amo. Anton Wilhelm Amo alisoma Halle, akafundisha falsafa Halle na Jena, na mwisho akarudi kwao. Na mtawala Anton Ulrich mwenyewe, akiwa mzee, aliuacha Ulutheri akawa Mkatoliki. Mtawala alibadili dini kwa hiari yake. Yule mtoto aliulizwa na nani?

Saa tisa mzee wa mwavuli alikuwa ananisubiri nje, kama tulivyoahidiana. Alinipitisha kwanza kwenye habari za shule ya Wayahudi iliyokuwa hapa, Samsonschule, alikosoma mwanazuoni wa Kiyahudi Leopold Zunz, kisha tukatembea kimya hadi Lessingstraße. Mtaa wa kawaida, magari yameegeshwa. Alinyoosha fimbo. Hapo, alisema, palikuwa na sinagogi. Lilijengwa 1893, likachomwa Novemba 1938. Tamthilia yenyewe Wanazi walikwishaiondoa majukwaani tangu 1933, isipokuwa kwa waigizaji Wayahudi mbele ya watazamaji Wayahudi. Septemba 1945, Berlin ikiwa bado kifusi, jumba la michezo la Deutsches Theater lilifunguliwa tena kwa tamthilia hiyohiyo.

Sinagogi liliungulia kwenye mtaa wenye jina la Lessing. Nilipiga picha ya kibao cha mtaa na mkono ukatetemeka, picha haifai. Mzee aliniuliza kama nataka kahawa. Nilitaka. Alilipa yeye, euro 3 na senti 20 kila kikombe, na hatukuzungumza habari nyingine zaidi ya mbwa.

Kwa atakayenifuata: usiishie kwenye sanamu. Fika na huko, mchana, kwa miguu.

Jumatano, 15 Oktoba: Braunschweig, kisha Hamburg

Kabla ya treni nilipita tena kwa Nathan kumuaga. Mvua ilikuwa imekatika na njiwa ameshawahi bega.

Braunschweig nilipewa saa tatu na ratiba. Nikamwona simba wa shaba, nakala ya yule wa mnamo 1166, yeye yuko juu ya nguzo kweli, nikala viazi vya kukaanga euro 4, nikatafuta kaburi la Lessing kwenye makaburi ya zamani ya Magni. Wanafunzi wawili waliokuwa wanavuta sigara hapo walinionyesha, kisha wakazima sigara bila kuambiwa. Kurudi Hamburg treni zilifika kwa wakati, kwa hiyo hakuna la kusimulia.

Jumla, bila tiketi ya mwezi: vyumba euro 180, chakula 41, kiingilio na kadi za posta 17. Mwavuli nilionunua siku ya mwisho, usio na faida kabisa, 9.

Tanga

Wiki iliyopita nilikwenda Ngamiani. Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele, na kabla sijaketi alishauliza zawadi. Baada ya chokoleti nikamsimulia Nathan mwanzo hadi mwisho. Kwenye pete alitikisa kichwa tu. Kwenye wale watoto saba aliacha mchele, akasema innaa lillahi. Kwenye kichanga alitabasamu.

"Sasa huyo binti," akasema, "alimwambia lini kwamba yeye ni wa Wakristo?"

Nikamwambia hakumwambia. Recha aliambiwa na Daja, mlezi wake, alipokuwa mtu mzima, na ikazua kizaazaa.

"Hakumwambia? Miaka yote hiyo?" Ungo ukawekwa chini. "Yohana nilimwambia hajajua kufunga vifungo vya shati. Leo mama yako mimi, na mama yako yule, jina lake hili, kaburi lake lile. Huyo mzee wako alikuwa anaogopa nini?"

Nilianza kueleza habari za Patriarki na kuchomwa. Akanikatiza kwa mkono, akaomba simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili mpaka ukabaki uso peke yake, akautazama muda mrefu.

"Anaonekana anajua," akasema, akanirudishia simu, akachukua ungo.